Mihogo ya Mama na Mgeni Asiye na Sufuria

Siku ile tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu anakosomea elimu ya viumbe. Alikuwepo kitinda mimba wetu, kijana anayefanya vibarua vya kupakua mizigo kule Changamwe, na siku hiyo hakuwa amepata kibarua. Alikuwepo shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuja kutoka Mikindani bila kuitwa, kama ilivyo kawaida yake. Na mwisho alifika Bi mkubwa, jirani yetu wa upande wa kisima, akiwa na kamba mkononi. Baba na mama hawakuwepo kwa kuwa walikwisha kutangulia, baba kwanza, mama akafuata. Nawataja kwa sababu maneno mengi ya siku ile yalisemwa kwa niaba yao, na hakuna aliyetumwa kuyasema.

Kilichotukalisha kilikuwa kitu kimoja: mihogo ya mama ing'olewe yote, au iachwe.

Shamba lenyewe si kubwa. Liko nyuma ya Mtopanga, mahali ambapo nyumba za kupangisha bado hazijaimaliza minazi. Nilipoacha shule kidato cha pili, majuma machache baada ya kumzika mama, nilirithi shamba hilo, karai moja na jiko la mkaa. Nikaanza kukaanga mihogo na kuuza kibandani, na kwa mihogo hiyo wadogo zangu walikula, wakavaa, wakasoma. Muhogo wa mama ulikuwa na sifa yake. Ulikuwa laini, hauna nyuzi, na ukitiwa pilipili na ndimu watu walikuwa wakisimama kula pale pale.

Kisha ukaharibika. Hakuna aliyejua umeanza lini, kwa sababu kwa nje haukuonyesha lolote. Unauchimba, unauona mnene, ngozi yake safi, unafurahi. Unaukata, unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Unaliondoa baka moja, unakuta la pili limejificha nyuma yake. Mwisho una rundo la maganda, na kinachobaki hakijazi kiganja. Na ukijitia ujanja ukakaanga hivyo hivyo, baka halilainiki. Linakungoja kwenye jino la mteja.

Nilikuwa na mteja mmoja, fundi cherehani, mtu wa maneno. Asubuhi moja alitafuna, akasimama, akatoa kipande mdomoni akakitazama.

"Dada, leo umetukaangia mguu wa kitanda?"

Watu wakacheka. Siku ya pili aliuliza kama leo ni mguu wa mbele au wa nyuma. Baada ya muda hakuja tena kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu fundi akihama kibanda anahama na mabarubaru wake wote.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja aliniambia nitie majivu kwenye mashimo. Mwingine alisema ni chumvi ya ardhi, eti bahari imeingia chini kwa chini. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza, kwa sauti ya chini na kunishika mkono, kama nimegombana na mtu. Muuza dawa za kilimo akaniuzia chupa ya kupulizia, nikapuliza mpaka macho yakawasha, na majani yakapendeza ajabu. Majani ndiyo hayakuwa na shida tangu mwanzo! Tulikuwa tukichuma kisamvu kila juma na kukisifu. Nilikuwa nikilitazama shamba lile limesimama kijani, linacheza kwenye upepo, na mimi najua kwamba chini limejaa vizibo, na hasira inanipanda mpaka nashindwa kuitikia salamu.

Mdogo wangu aliporudi likizo hakukaa hata kunywa maji. Aliingia shambani akaanza kupindua majani ya chini, yale ambayo hakuna anayeyatazama. Akanionyesha umanjano uliofuata mishipa ya jani. Akanionyesha michirizi ya kahawia kwenye shina, myembamba, kama mtu amekwaruza kwa ukucha. Akasema ni virusi, vinaitwa vya michirizi ya kahawia, na kwamba havina dawa, tung'oe kila mti na tuchome moto. Alisema hivyo tumesimama juani, kama mtu anayesema tufunge dirisha.

Nilimwambia neno kama hilo halisemwi na watu wawili wamesimama. Tukaingia uani tukaketi. Aliyempelekea shangazi habari mpaka leo sijamjua, lakini kabla ya adhuhuri alikuwa amefika na kikapu chake, amevuta mkeka, na ndiye aliyefungua baraza. Alisema mihogo ya marehemu haing'olewi kama magugu. Alisema mama alizikwa, na shamba lake ndilo kaburi la pili. Alisema vijana wakienda kusoma hurudi na hamu ya kuchoma vitu. Akageuka akamwangalia mdogo wangu, akauliza kama chuo kinafundisha pia kupanda au kuchoma peke yake.

Kitinda mimba akasema si tununue dawa kali zaidi ya ile. Mdogo wangu akaanza kumweleza kwa nini haiwezekani, na katika sentensi yake ya kwanza kulikuwa na maneno manne ya Kizungu. Shangazi akavuta pumzi kama anayetaka kusali. Nikamwambia mdogo wangu, "Sema Kiswahili, ama unyamaze tupike."

Akaanza upya, na safari hii alisema vizuri. Alisema virusi si mdudu. Mdudu ana mdomo, ana tumbo, anakula, anakunya. Virusi havili, havipumui, havina nguvu yoyote ya kwao. Ni kipande cha maagizo kilichofungwa ndani ya ganda, na maagizo yenyewe yanasema jambo moja tu: nitengenezeni wengine kama mimi. Anayevibeba ni yule inzi mdogo mweupe anayeruka ukitikisa majani. Anafyonza mti huu, anahamia ule, mdomo wake haujafutwa.

Ndani ya jani, alisema, kila seli ni kama jiko linalofanya kazi kutwa. Kuna wapishi, kuna moto, kuna unga na viungo. Jua linapiga, sukari inatengenezwa, sukari inateremka kwa mishipa mpaka kwenye mizizi, huko inageuzwa wanga, na wanga huo ndio muhogo wenyewe. Wapishi wa jikoni humo hufanya kazi kwa maagizo. Hawaulizi maagizo yametoka kwa nani, mradi yameandikwa kwa lugha ya nyumba. Sasa virusi vikiingia vinavua ganda, maagizo yao yanachanganyika na yale ya mti, na wapishi wanayasoma kama ya mwenye nyumba. Wanaanza kupika. Moto ni wa mti, unga ni wa mti, mikono ni ya mti, na chakula chote ni cha mgeni.

Shangazi akauliza mgeni gani huyo anayekuja bila hata sufuria.

Hapo nikamwelewa mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu alipoanza chuo. Nikasema, "Ni yule bwana wa matangani."

Wote walimjua niliyemsema. Kwenye matanga ya mama alifika bwana mmoja mwenye kofia ya ukindu, mkono mtupu, akalia vizuri, akakaa. Asubuhi ya pili alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni anatoa amri. Chai ya wazee iko wapi. Wali wa watu wa mbali upikwe sasa. Yule mbuzi anangojewa nani. Wanawake jikoni wakapika. Wa upande wa mama walidhani ni mkubwa wa upande wa baba, na wa upande wa baba walidhani ni mjomba wetu ambaye hawajapata kumwona. Alikuwa akiamrisha kwa sauti ya mwenye nyumba, kwa Kigiriama cha nyumbani kabisa, na hakuna aliyetaka kuonekana mtovu wa adabu. Wakaja watu wake, nao wakalishwa. Mchele wa mwezi mzima ukaisha kabla ya matanga kuondolewa. Sisi watoto wa marehemu tulikunywa uji.

"Yule alikuwa wa upande wa mama yenu," shangazi akasema mara moja.

"Wa upande wa mama wanasema ni wa kwenu," kitinda mimba akamjibu.

"Kwetu hatuli namna ile."

Mdogo wangu alifurahi mpaka akasogea mbele. Akasema ndivyo hasa. Na virusi havikai katikati ya jiko kuonekana. Vinakunja ngozi za ndani za seli, vinajitengenezea vibanda vya kujifichia, na humo ndimo nakala zao zinapotolewa, moja juu ya nyingine, mbali na macho. Shangazi akakumbuka kwamba bwana yule alikuwa ametundika leso nyuma ya ghala na akila huko na watu wake. Mdogo wangu akaendelea: mti nao si mjinga, una walinzi wake, kazi yao kukata vipande vipande maagizo wasiyoyatambua. Lakini virusi hivi vinakuja na mtu wao wa kumshika mlinzi mikono.

"Yule mwenye koti," akasema shangazi, akimkumbuka mtu wa bwana yule aliyekuwa akimzuia mlangoni kila aliyetaka kuuliza.

Tulicheka, hata yeye. Kicheko hicho hakikutufaa kitu. Kilipoisha mdogo wangu alimgeukia kitinda mimba akamwambia hiyo ndiyo sababu dawa haipo. Wapishi ni wa mti na moto ni wa mti. Ukiuzima moto ili kumkomesha mgeni, umeliua jiko. Na mgeni hakai seli moja. Kati ya seli na seli kuna vitundu vya kupitishia vitu, navyo anavipanua akapita, mpaka anaufikia mshipa unaoteremsha sukari, anapanda humo pamoja na sukari, anashuka nayo hadi kwenye mizizi. Majani yanabaki mazuri. Uharibifu uko chini, kwenye ghala.

Nilikuwa nimechoka kwa namna mbaya. Mtu akikuibia, una wa kumtukana. Akikuroga, una wa kumshuku. Mimi nilikuwa nimeharibiwa riziki na kitu kisichokula, kisichopumua, kisichonijua. Nikasema basi, kama ni inzi, na inzi ni wa Mungu, kwa nini shamba letu limeoza kushinda la kila mtu, nasi ndio tunaolipalilia vizuri zaidi.

Mdogo wangu alifikiri kidogo. Kisha akauliza, "Dada, mbegu za kupanda unakata kwenye miti gani?"

Mbegu, kwetu, ni vile vipande vya shina la muhogo unavyovichomeka ardhini. Swali lilinikera, kwa sababu hata mtoto analijua jibu. Nikamweleza kama nilivyofundishwa na mama. Alfajiri nakwenda shambani, nafukua pembeni mwa mti kwa mkono, napapasa mzizi. Nauvunja ncha nikautazama. Ukiwa mzuri, nang'oa mti mzima, mizizi inakwenda kwenye karai, na shina, kwa kuwa mvua bado iko mbali, linakaukia uani na kuwa kuni. Ukiwa na doa, naufukia tena, nauacha ukomae, kwa kuwa muhogo mchanga ndio wenye kasoro. Mvua zikikaribia, tunakata mbegu kwenye ile miti iliyobaki imesi—

Nilinyamaza hapo hapo. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo kila msimu tangu utotoni, na sikuwahi kuyasikia.

Kuku alipita katikati ya mkeka na shangazi hakumfukuza. Ni kitinda mimba aliyelisema, taratibu, kama anayeuliza: kwamba kila msimu tumekula mizima, tukapanda migonjwa.

"Mama yenu hakuwa mjinga," shangazi akasema.

"Hakuna aliyesema mjinga, shangazi," mdogo wangu akamjibu. "Wakati wake, mti uliobaki ulikuwa mchanga kweli. Alikuwa anafanya sawa."

"Basi muacheni na sawa yake."

Niliinuka nikatoa majembe, nikampa kitinda mimba moja, nikabaki na moja. Mdogo wangu alifuata na panga. Mimi ndiye mkubwa na sikuona mwingine wa kuliamua jambo lile.

Kung'oa si kazi ngumu. Muhogo uliooza haushikilii ardhi. Tulikwenda mstari kwa mstari, tukikata kila mzizi kuona kama kuna kinacholika, na kila nilipokuta kipande cheupe kizima nilikasirika zaidi, sijui kwa nini. Rundo la mashina lilikuwa likipanda karibu na ukuta. Shangazi alikuja akasimama pembeni, leso begani. Kisha nikamwona anainama. Aliokota shina moja, fupi, lenye macho mazuri, akalikunja ndani ya leso na kugeuka kuelekea kwenye kikapu chake.

"Shangazi, nipe."

"Moja tu, mwanangu. Ya kumkumbuka."

"Hiyo hiyo moja ndiyo tunayoikimbia. Itaharibu Mikindani nzima."

"Utanivua leso mbele ya watoto?"

"Siwezi. Nitangoja uitoe mwenyewe."

Nikangoja. Jua lilikuwa kali na jasho lilikuwa likiniingia machoni. Shangazi ndiye aliyemkaribisha mama nyumba hii alipokuja kuolewa, na mzigo wa kwanza wa mbegu za shamba hili alikuja nao yeye kichwani. Nililijua hilo. Ndiyo maana sikuunyoosha mkono. Mwishowe aliifungua leso, lile shina likaanguka lenyewe, naye akaenda kuketi uani akatugeuzia mgongo. Chai alikunywa. Neno hakusema mpaka alipoondoka, na baada ya hapo ilipita miezi kabla hajaja tena bila kuitwa.

Tulikuwa bado hatujamaliza tuliposikia hodi upande wa kisima. Nikampa Bi mkubwa shikamoo, akaitikia marahaba, na macho yake yalikuwa tayari kwenye rundo. Ile kamba aliyoishika ilikuwa ya kufungia mzigo. Msimu uliotangulia nilikuwa nimempa mbegu, na mihogo yake ilikuwa imeoza kama yetu. Hapa kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi. Hupewa mtu, na isipomfaa, aliyeitoa humpa tena. Alikuwa amefuata haki yake.

Nikamweleza. Sikuwa na ufasaha wa mdogo wangu, lakini bwana wa matangani nilimtia, na Bi mkubwa alielewa, kwa maana kila mtu amepata kumpokea bwana kama yule. Aliuliza kitu kimoja tu: je, na zile mlizonipa? Nikamwambia zilitoka hapa hapa, kwenye miti iliyobaki. Kisha akasema yeye naye alimkatia mzigo binti yake aliyeolewa Likoni, kule Timbwani, na binti amekwisha kupanda.

"Basi ugonjwa umevuka feri," kitinda mimba akasema. Nilimtazama akarudi kwenye jembe lake.

"Sikulaumu, mwanangu," Bi mkubwa akasema. "Lakini nakudai. Mzigo mmoja wangu, na mmoja wa binti yangu. Na ziwe nzima."

"Inshallah, Bi," nikamjibu, mimi Mkristo, kwa kuwa sikuona jibu jingine.

Angekuwa yeye peke yake ningekuwa na amani. Lakini jioni ile, tukiwa tunageuza mashina yakauke yapate kuwaka, nilianza kukumbuka. Mama wa kanisani aliyenishika mkono. Wapangaji wawili wa jirani waliojilimia ukingo wa barabara. Binamu aliyejenga juzi. Wote nilikuwa nimewapa, na kwa moyo mweupe, nikijisifu kwamba naueneza muhogo wa mama. Nikaanza kuwazungukia. Kuwaambia watu kwamba zawadi uliyowapa ni ugonjwa ni kazi inayochosha kuliko kulima. Wengine hawakuamini. Mmoja aliniambia nimekuwa bahili, nataka niuze peke yangu. Na siku mbili baada ya kung'oa nilimkuta mwanamke nisiyemjua yumo kwenye rundo langu, anachagua mashina marefu na kuyafunga kwa ustadi kabisa. Nilimweleza mpaka sauti ikakauka. Akasema, "Kama hamzitaki, si mseme tu." Nilichoma rundo siku hiyo hiyo, bichi vile vile, na moshi wake ukanigombanisha na nusu ya mtaa.

Mdogo wangu, kupitia kwa mwalimu wake, alinipatia fungu dogo la mbegu safi, za aina inayovumilia ugonjwa huu. Nilizipanda nyuma ya jikoni, mbali na mashamba ya watu, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, napindua majani ya chini. Kwa karai nanunua mihogo ya soko la Kongowea, faida inabaki ya kubahatisha, na yule fundi cherehani bado anakula kwingine. Msimu wa kwanza miti mitatu ilitoa michirizi. Niliing'oa. Mdogo wangu alikuwa amenionya kwamba inzi hawasomi mipaka, lakini kuonywa hakunipunguzii hasira. Mbegu nilizotarajia kugawa zikapungua, na zilizobaki nikazirudisha ardhini zizaane kwanza.

Bi mkubwa hupita kila mvua zikikaribia. Hagombi. Husimama penye ukuta, akahesabu miti kwa macho, akauliza zake ni zipi. Mara ya mwisho nilimwambia bado, nikimkatia sasa sitabaki na cha kuwapa wengine, na huenda hata hizi si salama. Alisema amekwisha kuinua matuta. Nikamwambia najua, nimeyaona.

Mvua zimenyesha, na matuta ya Bi mkubwa yamemea magugu. Ya binti yake Timbwani sijayaona, ila naambiwa nayo yameinuliwa. Shina la kuwapa bado sina.